Filtri kubwa inaingia, lakini inafaa moteri?

Ndugu wanamemba, kila mara koperative inapotuma shofere Goma kununua filtri ya mafuta, anarudi na maneno yale yale. Ya kipimo chake haikupatikana, muuzaji amempa kubwa zaidi, "iko inaingia bila shida, tena ya mukubwa njo ya nguvu." Komite inaitika, trezorie anaandika dola chache kwenye kitabu, na jambo limekwisha. Mimi naona halijaisha.

Sisemi filtri kubwa ni mbaya. Kama visi yake na mpira wake ni sawa na vya ile ya kwanza, filtri ndefu inaweza kuwa nzuri: ina karatasi nyingi ndani, inashika uchafu mwingi kabla ya kuziba. Toyota wenyewe wana filtri fupi na ndefu zenye visi moja. Anayesema kila filtri kubwa inaua moteri ni bongo. Shida ni kwamba urefu ndio jicho linaona, na vitu vinavyookoa moteri viko ndani ya kopo.

Tuanze na visi, kwa sababu hiyo ndiyo ilituumiza. Filtri za Toyota nyingi zina visi ya inchi 3/4, ni kama milimita 19. Za Nissan, Honda na Mitsubishi nyingi zina visi ya milimita 20. Tofauti haifiki milimita 1, na meno yake yanakaribiana sana, hata fundi mzee anaweza kudanganyika. Ukijaribu kuweka ya Toyota kwenye Nissan itakataa mara moja, na hiyo ni bahati yako. Lakini ile ya milimita 20 inazunguka kwenye Toyota, inakaza kidogo, mpira unagusa, unafikiri kazi imeisha. Kumbe imeshikwa na ncha za meno tu.

Hilux yetu ya zamani, ile ya esansi, ilifungiwa filtri ya namna hiyo, kubwa, mupya, ya kung'aa. Asubuhi na mapema ikatoka Rubaya imebeba fromaji na maharagi. Kwa baridi yetu ya mlimani mafuta ya asubuhi ni mazito, na pompe inayasukuma kwa nguvu kuliko saa zingine zote. Njiani filtri ikaachia. Shofere aliona taa nyekundu, lakini aliogopa kusimama peke yake porini, akasema afike kwanza Mushaki. Simlaumu sana kwa woga ule, barabara yetu tunaijua. Ila moteri bila mafuta haingoji mtu. Kusineti zikaungua, na miezi mitatu mizima fromaji zetu zilishuka Sake kwa pikipiki, nyingine zikifika zimepondeka. Makuta ya mbegu za viazi ndiyo yalilipa garaje. Mama mmoja aliuliza kwenye mkutano kama filtri inaweza kula shamba. Hakuna aliyecheka.

Kitu cha pili ni ule mlango mdogo ulio ndani ya filtri nyingi. Filtri ikiziba, au mafuta yakiwa mazito kwa baridi, mlango unafunguka ili mafuta yapite bila kuchujwa. Afadhali mafuta machafu kuliko hakuna. Kwa gari nyingi za Japani unafunguka karibu na bar 1, kwa baadhi ya zile za Ulaya unangoja bar 2 na zaidi. Ukiweka filtri ya moteri nyingine, mlango utafunguka kwa kipimo cha moteri ile, si cha yako.

Kuna pia mpira mwembamba unaozuia mafuta yasirudi chini gari likilala. Zile filtri za bei ya chini wakati mwingine hazina, au unakauka haraka. Ukiwasha asubuhi ukasikia moteri inagonga-gonga kidogo kisha inatulia, anza kutazama hapo.

Tena pimeni nafasi. Filtri ndefu inayoshuka chini kuliko karteri itakutana na jiwe siku moja, na mawe ya Masisi hatuyakosi.

Lakini nitasema waziwazi kwa nini filtri kubwa inapendwa. Tunataka kurusha vidanji. Tunajiambia filtri ikiwa kubwa mafuta yatakaa mara mbili. Filtri inashika uchafu tu, hairudishi nguvu ya mafuta yaliyochoka kwa moto, wala haitoi esansi iliyochanganyika nayo. Na vumbi la mwezi wa saba linaingia kwa filtri ya hewa, ile tunayopiga-piga kwenye mti na kuirudisha.

Ombi langu kwa komite zote: shofere aende dukani na filtri ya zamani mkononi, na namba ya moteri imeandikwa. Filtri mupya izungushwe kwa vidole tu. Ikicheza huku na huku, irudishwe. Paka mafuta kwenye mpira, gusisha, ondoa, tazama kama duara lote limekaa penye chuma laini, na hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda pale. Ukishakaza robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, washa, zima, ngoja, pima mafuta tena, maana filtri kubwa inakunywa zaidi na kipimo kitashuka.

Kwetu filtri moja nzuri ya Hilux sasa iko kwenye depo, ndani ya mkebe, karibu na mbegu. Ufunguo anao trezorie.