Kasoro Iliyo Faida

Mwaka 2018 watafiti jijini London walifaulu kuendesha mesa ya almasi mfululizo katika halijoto ya kawaida ya chumba. Mesa ni nduguye leza, ila hukuza mawimbi ya maikrowevu badala ya mwanga. Siri yake ni kasoro: atomi ya naitrojeni iliyopakana na pengo ndani ya almasi. Je, kasoro zikizidishwa, nguvu itaongezeka? Si lazima. Naitrojeni ikipita kiasi huvuruga spini za elektroni, na leza ya kijani ikizidi huipasha almasi joto. Kwa maoni yangu, juhudi zielekezwe kwenye kiasi, na kwenye pete bora ya yakuti inayohifadhi mawimbi. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuyaeleze haya sasa, istilahi zingali changa, asije mtu akaiita mesa “meza”.