Injinia wa Stima Campo ya Serikali: Karo Imeshuka, Lakini Piga Hesabu Yote

Septemba 1, 2025 karo za campo za serikali zilishushwa kwa kati ya asilimia 15 na 40. Wazazi wakapumua. Septemba 17 wahadhiri wakagoma wakidai bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021, na mgomo ukaenda siku 49. So bei ilishuka, ila darasa halikuwepo.

Kwa msee anayesoma uhandisi wa umeme, hiyo kitu inauma tofauti. Thiori unaweza jisomea YouTube usiku na bando ya mia. Lakini mota ya fezi tatu huwezi ifunga waya kwa simu. Lazima uingie maabara, ushike mita, uone breka ikianguka juu umekosea, na kuwe na mtu wa kukuonyesha umekosea wapi. Mgomo ukiisha, wiki saba zinabanwa, na ukiniuliza mimi, maabara ndio rahisi kuruka. Na bedsitter za Juja hazigomi. Rent ni kila mwezi.

Alafu kuna bendi. Mfumo wa 2023 ulitoa ile karo ya 16,000 kwa mwaka yenye wakubwa wetu walizoea, ukaleta bendi tano. Bendi ya 1 familia inatoa asilimia 5, ya 5 inatoa 40, ingine ni skolashipu na loan. Kile wengi hawaoni ni kwamba hiyo ni asilimia ya bei ya kozi. Chukua mfano tu: wasee wawili wa ploti moja, wote Bendi ya 3, kwao wanatakiwa asilimia 20. Kozi ya mmoja ni 100,000, ya mwingine 200,000. Mathee wa kwanza anatafuta 20,000, wa pili 40,000. Loan pia inakua mara mbili. Na uhandisi ni wa bei kali, tena miaka mitano, sio minne. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huu unavunja Katiba, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu 2025, so bendi ziliendelea tu.

Ukimaliza, bado si injinia. EBK inakusajili kama mhandisi mhitimu, na unahitaji si chini ya miaka mitatu ya kazi ndio uombe kuwa mtaalamu. Kujiita "Eng." kabla ya hapo ni kosa kisheria tangu sheria ya 2011. Hata waya za nyumba zinataka leseni ya EPRA. Fundi wa polytechnic mwenye C-2 anafunga stima kwa majirani, wewe na digrii yako unamshikia ngazi. Inachoma, najua.

Kabla ujaze KUCCPS, hakikisha EBK inatambua kozi ya hiyo campo. Wahitimu zaidi ya 100 waliwahi kunyimwa usajili na bodi ya zamani, wakapelekana hadi Mahakama ya Juu, uamuzi ukatoka 2018. Hiyo ni miaka ya ujana imeishia kortini.

Sisemi uache. Stima ya Olkaria na upepo wa Turkana haijitengenezi, na kama hesabu na fizikia zinakubali, jaza. Bendi ikikuja juu kuliko hali ya kwenu, kuna rufaa kwa tovuti ya HEF. Ifanye kabla hujabeba sanduku.