Owino Uhuru hawakuulizwa

Vijana ninaowafundisha maadili hapa Changamwe wakinitaka mfano wa wajibu, siwapeleki Ugiriki ya kale. Nawapeleka mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa.

Kuanzia 2007 hadi 2014, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi, kikiwa kimepakana na nyumba za watu. Moshi ulipita juu ya mabati, maji machafu yakapita mlangoni. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, aligundua mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Akaanza kupiga kelele.

Kuna mwanafunzi husema: “Lakini mwalimu, si vijana walipata kazi?” Hoja hiyo ya faida ya wengi ina wazee wake, wanafalsafa Bentham na Mill, na siidharau. Ila naikataa hapa, kwa sababu ya ridhaa. Mama anayefua uani hakuulizwa kama yuko tayari damu ya mtoto wake iwe gharama ya ajira ya mwingine. Na waliolipwa mshahara wa serikali kuangalia mazingira walikuwa na wajibu wa kuzuia kabla, si kusikitika baadaye.

Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaifuta, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Fidia ni haki yao. Walipwe sasa, na udongo ule usafishwe, maana watoto bado wanauchezea.