Kulifunika Jua au Kuuzima Moto?

Mwezi Juni mwaka 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha katika anga la juu mamilioni ya tani za gesi ya salfa. Ukungu wake ulienea duniani kote, ukarudisha sehemu ya mwanga wa jua, na joto la dunia likashuka kwa karibu nusu digrii. Tangu hapo wapo wataalamu wanaouliza: kwa nini ndege zisifanye kwa makusudi kile kilichofanywa na mlima? Mkemia Paul Crutzen, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1995, alitaka jambo hilo litafitiwe katika makala yake ya mwaka 2006. Lakini katika makala hiyo hiyo alisema kuwa njia iliyo bora ni kupunguza gesi zinazochafua anga. Sehemu hii ya maneno yake husahauliwa mno.

Sisi hatuwalaumu wanaotafiti. Tunalolihofia ni kuwa ukungu huo hauondoi hewa ya ukaa, ambayo nyingi yake hubaki angani kwa karne na kuzidi kuitia bahari asidi. Ni sawa na mgonjwa wa malaria kupewa kidonge cha kutuliza homa tu: mwili hupoa, vijidudu huendelea kuzaana. Tena ukungu wenyewe huanguka baada ya mwaka mmoja au miwili, hivyo kazi haina budi kurudiwa kizazi baada ya kizazi. Vita ikiikatisha, joto lililozuiliwa kwa miongo litarudi ndani ya miaka michache, nao watakaolipokea ni wajukuu zetu, ambao hawakuulizwa.

Kisha kuna mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ukungu ukitandazwa upande wa kaskazini mwa dunia pekee, ukame huweza kuikumba Sahel. Mkulima wa Niger atamshitaki nani? Mwezi Februari mwaka 2024, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, Uswisi ilipendekeza liundwe kundi la wataalamu wa kulichunguza suala hili. Nchi za Afrika zikataka teknolojia hiyo isitumike kabisa. Mapatano hayakupatikana, pendekezo likaondolewa.

Miezi michache kabla, Desemba 2023, mataifa yalikubaliana huko Dubai kuanza kuachana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Ahadi hiyo haikutaja kila nchi ipunguze kiasi gani, na hilo ndilo tunalopaswa kuwauliza wakubwa wenye viwanda kabla hawajatuonyesha ndege zao.