Povu Haliui Kipindupindu

Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, hakikukawia kufika Mwanza, na tangu hapo mvua kubwa zinaponyesha tunakihofia upya. Elimu tunayoitoa husisitiza kunawa mikono na kuchemsha maji ya kunywa. Sahani hutajwa harakaharaka mwishoni, au haitajwi kabisa.

Pale Igoma, kandokando ya barabara iendayo Musoma, mama lishe huhudumia wateja wengi kwa sahani chache. Sahani iliyoliwa sato hutumbukizwa katika beseni la povu, huhamishiwa beseni la kusuuzia, hufutwa kwa kitambaa, kisha hupakuliwa ugali wa mteja anayefuata. Sabuni ya maji haikosekani, hasa ile ya kienyeji iuzwayo katika chupa za maji ya kunywa (hatari kwa watoto, lakini hilo lina makala yake). Kinachokosekana ni maji.

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hushikamana na mafuta, nyingine na maji. Ndiyo maana mafuta ya samaki hung'oka pamoja na vimelea vilivyonata humo. Hata hivyo, vimelea vingi vilivyong'oka bado vi hai. Maji ya kusuuzia yasipobadilishwa, sahani ya ishirini huogeshwa kwa yaliyotoka katika zile kumi na tisa, na kitambaa chenye unyevu hueneza yaliyosalia.

Mabaki yakwanguliwe kwanza, vyombo visuguliwe kwa dodoki na sabuni kiasi, visuuzwe kwa maji safi yanayomiminwa kwa jagi, kisha viachwe vikauke vyenyewe juu ya kichanja. Wakati wa mlipuko, maji ya mwisho yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Isitiwe katika beseni la makombo, kwani uchafu huimaliza nguvu.

Baadhi ya wataalamu wenzangu hupendekeza faini. Sikubaliani nao. Mama anunuaye maji kwa ndoo atayabana maji hata akitozwa, tena akitozwa atayabana zaidi. Bomba moja la uhakika karibu na majiko lingefanya kazi ambayo faini haiwezi. Hadi lipatikane, mteja naye anayo haki ya kuuliza kwa adabu kabla ya kuagiza: "Samahani mama, maji haya ya kusuuzia yamebadilishwa saa ngapi?"