Wafu wa Kalehe Wana Majina

Wandugu wa migodi na wa muji, wengi wetu tulizaliwa kwenye vilima kama vya Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko kule Nyamukubi. Wamama walikuwa mbele ya bidhaa zao. Mvua ikazidi, mito ikashusha mawe na matope, ikabeba soko, nyumba, watoto. Bushushu vilevile. Waliokufa walipita 400. Wengi wakazikwa pamoja katika mashimo makubwa, kama magunia!

Serikali ilitoa siku moja ya kilio, tarehe 8 Mei. Haitoshi. Mwenye jamaa kule aandike: huyu alikuwa mulimaji, huyu muvuvi, huyu muzalishaji wa kijiji. Karatasi hiyo apelekewe Administrata wa Teritwari, naye aiweke katika kitabu.