Kabla ya Fimbo, Pimeni Masikio

Mtoto wa miaka sita anafika katikati ya soko, anaketi chini, hasogei tena. Mama akimvuta mkono, anajilegeza mwili mzima. Wapita njia hawakawii kuhukumu: mmoja anasema kadekezwa, mwingine anamkumbusha mama kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Wazazi wa watoto wenye hali ya Down wanaijua kadhia hii. Wanamjua pia mtoto anayechomoka geti likiachwa wazi, na yule anayetupa sahani akikatazwa jambo. Majirani huyaita haya ukaidi, na dawa yake wanaijua: fimbo.

Hali ya Down hutokana na kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili, jambo lililobainishwa Ufaransa mwaka 1959. Si laana, wala si kosa la mama. Watoto wengi walio nayo huelewa maneno mengi kuliko wanayoweza kutamka. Asiyeweza kusema "nimechoka" hulisema kwa kuketi chini. Na kuchoka amechoka kweli, maana misuli yake ni legevu.

Kuna pia yasiyoonekana. Wengi husikia kwa shida kwa sababu ya ute unaojikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Wengi pumzi huwakatika usingizini, wakaamka na uchovu na hasira. Tezi ya thairoidi nayo ikidhoofu, mtoto huzubaa akaonekana mvivu. Yote haya hupimwa na yana matibabu. Anayechapwa kwa kutotii amri ambayo hakuisikia anafundishwa nini?

Huruma nayo ina madhara yake. "Mwacheni huyu, hajui," husema bibi, na mtoto hubebwa au hupewa biskuti ili anyamaze. Kumbe anajua sana: ameona kwamba akiketi hubebwa, na kesho ataketi tena.

Kinachosaidia ni kazi ya kila siku. Watoto hawa hushika zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa, hivyo picha tatu za viatu, basi na nyumba humwandaa mtoto kwa safari kuliko kelele kumi. Amri iwe fupi, na akiinuka mwenyewe asifiwe papo hapo.

Mwaka 2011 mtafiti Brian Skotko na wenzake huko Marekani walichapisha majibu ya wazazi 2,044 wa watoto wenye hali ya Down. Asilimia 99 walisema wanampenda mtoto wao; waliojutia kumpata walikuwa asilimia 4 tu. Lakini wazazi hao walifikiwa kupitia vyama vya familia zenye watoto kama hao, yaani walikuwa na wenzao wa kuwauliza na kulia nao.

Mzazi wa huku mara nyingi hutoka wodini na jina la hali tu. Angetoka pia na tarehe ya kupima masikio, na namba ya simu ya mzazi mwenzake aliyemtangulia. Na yule mama wa sokoni, badala ya methali, angepata mtu wa kumshikia kikapu dakika tano hadi mwanawe ainuke.